Wenye Mshono Mrefu Wasiende Wodini

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE CHA KAMATI YA UTENDAJI
CHAMA CHA WALIOPASULIWA UMIO

Siku: Jumamosi ya pili ya mwezi
Mahali: Chumba cha mazoezi ya viungo, jengo la wagonjwa wa nje, ghorofa ya chini
Kuanza: Saa 5:20 asubuhi. Kikao kilipangwa saa 4:00, lakini mwenye ufunguo wa chumba alikuwa kwenye foleni ya maabara.

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti, dereva wa malori mstaafu (mshono mrefu)
2. Mratibu wa Ziara za Wodini, msusi (matundu)
3. Mjumbe, mwalimu wa hesabu mstaafu (matundu)
4. Mjumbe, muuza magodoro, anayejulikana kama Magodoro (matundu)
5. Katibu (matundu)

Mwalikwa: Mke wa mgonjwa, mshonaji wa sare za shule

Wasiohudhuria: Mjumbe, mkunga (ana udhuru, amelazwa kwa vipimo). Mjumbe, mpiga gitaa (amefariki tangu kikao kilichopita).

Maelezo kwa wanachama wapya: Katika kumbukumbu hizi "mshono mrefu" ni upasuaji wa kufungua tumbo na kifua. "Matundu" ni upasuaji wa kupitisha kamera na vyombo vyembamba kwenye matundu madogo. Kazi inayofanyika ndani ni ileile. Hukatwa ile sehemu yenye saratani pale umio unapoingia tumboni, kisha tumbo lililobaki huvutwa juu na kuungwa na umio.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika na kuwaomba wasimame kumkumbuka mpiga gitaa. Walisimama.

Aliwakumbusha kanuni ya kamati kwamba kila mjumbe aje na chakula chake, kikao kisimame wajumbe wale kidogo, na mtu asiiname wala kulala baada ya kula. Magodoro alisema kanuni hiyo haihitaji kukumbushwa na mtu. "Mimi nauza magodoro mchana, na usiku nalala nimekaa kama mlinzi," alisema.

KUMB. NA. 4/2: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU

Mwenyekiti alihoji azimio la kikao cha tatu lisemalo: "Ziara za wodini zifanywe na wanachama wenye matundu, ambao ni watu wa kutia moyo. Wenye mshono mrefu wasiende wodini hadi itakapoamuliwa vinginevyo." Alisema hakatai kwamba azimio lilipitishwa. Alichotaka kujua ni kwamba, ikiwa wenye matundu wanatia moyo, yeye anatia nini.

Mratibu alijibu kwamba jambo hilo lilishajadiliwa. Mara ya mwisho Mwenyekiti alipokwenda wodini alifungua shati, akamwonyesha mgonjwa mshono wa tumboni na ule mwingine unaoanzia chini ya kwapa hadi mgongoni. Mgonjwa alivaa viatu akaondoka, sindano ya dripu ikiwa bado mkononi, na hadi leo hajarudi. "Mzee wangu, ulimfungulia hiyo zipu yako ya mshono hata hujamsalimia," alisema. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti aliagiza kicheko kiandikwe. Kimeandikwa.

Mwenyekiti alisema mgonjwa yule ndiye aliyeomba kuonyeshwa. Aliongeza kwamba mwenye matundu akienda wodini huonyesha vidoa vitano kama vya tetekuwanga, na mgonjwa akadhani anakwenda kung'olewa jino.

Magodoro alisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu dogo nalo ni kovu. Aliomba wajumbe wasonge mbele.

Kumbukumbu zilithibitishwa. Mwenyekiti alizitia sahihi bila kukaa.

KUMB. NA. 4/3: TAARIFA YA ZIARA ZA WODINI

Mratibu alieleza kwamba ziara zinakwenda vizuri tangu azimio lipite, na hakuna mgonjwa mwingine aliyetoroka. Wagonjwa anawaeleza kwamba yeye alirudi saluni kabla wateja wake hawajafumua nywele alizowasuka siku ya mwisho kazini.

Mwalimu aliuliza kama huwa anawaeleza pia kuhusu kutapika, kuhusu moyo kwenda mbio mtu akila sukari, na kuhusu wale ambao maungio ya ndani ya umio na tumbo yalivuja. Mratibu alijibu kwamba hayo watayakuta wenyewe. Mwalimu alisema hakuuliza watayakuta wapi, ameuliza kama wanaambiwa. Mratibu alisema hawaambii.

Taarifa ilipokelewa.

KUMB. NA. 4/4: MALALAMIKO YA MKE WA MGONJWA

Mwalikwa aliitwa ndani. Alipewa kiti akasema atasimama.

Alieleza kwamba mume wake ni fundi wa majokofu. Alikutwa na saratani pale umio unapoingia tumboni, akapewa dawa za dripu awamu nne, kisha akapangiwa upasuaji wa matundu. Siku moja kabla ya upasuaji Mratibu alifika kitandani kwake, akamwonyesha makovu yake, akakaa naye vizuri. Mume wake akauliza, je, wale wanaofunguliwa tumbo zima huwa wana nini? Mratibu akamjibu kwa maneno haya, ambayo mwalikwa alisema anayakumbuka yote: "Kaka yangu, ukiamka ukajikuta na zipu kama ya mwenyekiti wetu, ujue wamekuta mambo huko ndani."

"Wodi nzima ilicheka," alisema mwalikwa. "Mume wangu naye alicheka. Hata mimi."

Aliendelea kueleza kwamba madaktari walianza kwa matundu kama walivyoahidi. Lakini ujanani mume wake alipasuliwa kidole tumbo kilichopasuka, na makovu ya zamani yalikuwa yamegandisha utumbo ndani. Walipojaribu kuuachanisha damu ikatoka kwa wingi. Wakaacha kamera, wakafungua. Kazi waliimaliza kama ilivyopangwa. Baadaye daktari mpasuaji aliwaita wote wawili, akawaambia kwamba nyama iliyotolewa imepimwa, kingo zake ni safi, hazina saratani, na zimebaki awamu nne za dawa kwa ajili ya yale yasiyoonekana.

"Lakini yeye alipoamka alipitisha mkono juu ya bandeji," alisema. "Kutoka hapa, mpaka huku nyuma. Akarudisha mkono juu ya shuka. Hakuuliza kitu, na mimi kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba hana maumivu."

Alisema sasa wako nyumbani na mume wake amekataa kurudi kwenye dawa. Daktari akimwambia saratani imetolewa, anasema daktari ana huruma. Mke akimwambia, anasema mke amefundishwa la kusema. Ameanza kugawa zana zake. Mtungi wa kujazia gesi kampa mwenzake wa karakana, bisibisi kampa mdogo wake, na mdogo mtu akazipokea. Daktari amesema dawa zisipoanza kabla ya mwezi kwisha, hazitakuwa na maana.

Magodoro alisema, "Shemeji, kaa basi unywe maji kidogo." Mwalikwa alisema hana kiu.

Mratibu alisema anasikitika sana, na kwamba ule ulikuwa utani wa kumtoa mgonjwa hofu.

"Ulimtoa kweli, dada," alijibu mwalikwa. "Haogopi tena kitu. Anangoja tu."

Mwenyekiti aliuliza mwalikwa anaomba nini kwa kamati. Mwalikwa alisema hakuja kugombana na mtu. Mume wake ameuliza swali moja tangu atoke hospitali: yupo mtu aliyeshonwa kwa zipu, na bado anakula? Yeye alimwambia atakuja kuuliza.

Mwenyekiti alimshukuru na kumwomba asubiri kwenye benchi la nje wajumbe wajadili. Alitoka.

KUMB. NA. 4/5: MAPUMZIKO YA KULA

Wajumbe walikula. Mwalimu alikula haraka kwa sababu alikuwa na la kusema, akapata kizunguzungu na jasho, ikabidi akae ameegemea ukuta hadi moyo ulipotulia. Magodoro alimwambia, "Mwalimu, hasira haitafunwi." Mwenyekiti alimenya yai, akalikata vipande vidogo, akalirudisha kwenye kikasha. Alisema alishakula nyumbani.

KUMB. NA. 4/6: MAJADILIANO

Mwalimu alisema hesabu ya jambo hili ni fupi. Mgonjwa hataki kuelezwa, anataka kuona. Chama kilikuwa na wanachama watatu wa mshono mrefu. Mmoja ni mpiga gitaa, ambaye amezikwa. Wa pili haamki tena kitandani. Anabaki Mwenyekiti. Alipendekeza Mwenyekiti aende leo.

Mwenyekiti alisema hawezi kwenda kwa sababu azimio la kikao cha tatu linamkataza. Mwalimu alitoa hoja azimio lifutwe. Magodoro aliunga mkono. Lilifutwa bila kupingwa.

Mwenyekiti alisema azimio limefutwa lakini aibu haijafutwa. Jina la zipu limefika hadi wodini, na wauguzi sasa wanamwita hivyo. Alitaka kuombwa radhi. Mratibu alisema, "Samahani, Mwenyekiti, kwa zipu." Mwenyekiti alisema radhi ile ina kicheko ndani yake. Mratibu alirudia bila kicheko. Ilipokelewa.

Mwenyekiti alisema kanuni inataka ziara ifanywe na watu wawili. Magodoro alisema atakwenda naye, tena kwa gari lake la kupeleka magodoro.

Mwenyekiti alisema huenda mgonjwa amelala saa hizi. Mwalimu alisema ataamshwa. Mwenyekiti alisema kanuni zinazungumzia wodi, hazisemi chochote kuhusu nyumba za watu.

Magodoro alisema, "Mzee, mlango tumekufungulia, sasa unatafuta dirisha la nini?"

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu mwezi uliopita mkate unamkwama. Alianza kwa kuulowesha, baadaye akauacha. Wiki iliyopita alipitishiwa kamera. Saratani imerudi, palepale umio wake ulipoungwa. Daktari amemwambia safari hii hakuna wa kumpasua, si kwa mshono wala kwa matundu. Atapewa dawa za kupunguza.

"Mnataka niende nikamwambie nini?" aliuliza. "Kwamba niko hai na ninakula? Haya. Niko hai."

Mwalimu aliuliza Mwenyekiti alikuwa na nia ya kuiambia kamati lini.

"Kwenye mengineyo," alijibu Mwenyekiti.

Mratibu alisema jambo hilo ni la Mwenyekiti na familia yake, na mgonjwa hana sababu ya kulijua. Aende, afungue shati, aonyeshe, afunge shati, arudi. Yule mtu ataokoka na hakuna atakayekuwa amedanganywa.

Mwenyekiti alisema, "Ndivyo ulivyofanya wewe, binti yangu. Ulimpa nusu ya kweli, ile inayochekesha. Unataka na mimi sasa nimpelekee nusu nyingine, ile inayotia moyo."

Mratibu aligeukia ukutani. Alisema huwachekesha wagonjwa kwa sababu wodini akinyamaza yeye huogopa kuliko wao. Kila akikohoa usiku huamka na kumeza mate kupima kama yanapita. Hakulala siku ile aliyotoka kwa fundi wa majokofu, wala hakulala alipopata habari kwamba fundi alifunguliwa, na hakurudi kumwona kwa sababu alijua alichomwambia.

Mwalimu alisema miaka saba aliyoishi Mwenyekiti baada ya kupasuliwa si uongo.

"Saba ni saba," alisema Mwenyekiti. "Ataniuliza habari za wa nane."

Magodoro alipendekeza chama kitafute mtu wa mshono mrefu katika hospitali nyingine. Mwalimu aliuliza atafutwe na nani, na kwa muda upi. Pendekezo lilikosa wa kuliunga mkono. Magodoro mwenyewe alisema hakuliamini alipolitoa.

Mwalimu alipendekeza mke wa mgonjwa aambiwe ukweli wote, kisha yeye ndiye aseme kama anamtaka Mwenyekiti nyumbani kwake au hamtaki. Mratibu alisema huko ni kumtwisha mwanamke yule mzigo wa kamati. Mwalimu alisema mzigo ulikuwa wake kabla ya kikao hiki. Ilikubaliwa aambiwe. Mwenyekiti alisema hatasemewa na mtu, atasema mwenyewe.

KUMB. NA. 4/7: UAMUZI

Mwalikwa aliitwa tena. Mwenyekiti alisimama, akamweleza hali yake kama ilivyoandikwa hapo juu, bila kupunguza.

Mwalikwa alimwangalia. Aliuliza swali moja. "Mzee, hiyo miaka saba ulikuwa unakula?"

"Nilikula," alijibu Mwenyekiti. "Kidogo kidogo, nimekaa wima, lakini nilikula. Minne kati ya hiyo niliendesha lori. Niliozesha binti yangu wa mwisho, na siku ile nilikula nyama, nikaumwa usiku kucha, na sikujuta."

"Basi njoo umwambie hivyo hivyo."

Mwenyekiti alisema mume wake atauliza hali yake ya sasa.

"Ni mtu wa kuuliza, ndiyo. Akiuliza mjibu," alisema mwalikwa. "Wote wanaokuja pale wanatabasamu. Anawasindikiza kwa macho mpaka mlangoni, halafu ananiambia, umeona?"

Mwenyekiti aliuliza, na kama akikataa dawa kwa sababu ya kumwona yeye?

"Kwani sasa amezikubali?"

Mwenyekiti alichukua koti lake.

AZIMIO: Mwenyekiti aende nyumbani kwa mgonjwa leo, pamoja na Magodoro. Aonyeshe anachoombwa kuonyesha. Akiulizwa, ajibu.

Mratibu aliomba kwenda nao ili amwombe radhi mgonjwa. Mwalikwa alisema, "Wewe baki, dada. Siku nyingine." Mratibu alibaki.

Mwenyekiti aliomba Mwalimu ashike kiti, akatoka pamoja na mwalikwa na Magodoro.

KUMB. NA. 4/8: KUHUSU KUMBUKUMBU HIZI

Mratibu alikumbusha kwamba nakala ya kumbukumbu hubandikwa kwenye ubao wa wodi, ambako wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa huisoma. Aliomba KUMB. NA. 4/6 iondolewe kwenye nakala ya ubaoni, kwa kuwa itawakimbiza watu kuliko shati la Mwenyekiti.

Mwalimu alisema hata yeye asingependa kuisoma siku moja kabla ya kupasuliwa. Lakini fundi wa majokofu aliingia kupasuliwa akiwa hana hofu na hana habari, na kamati imeona yaliyomkuta. Katibu alieleza kwamba Mwenyekiti, alipokuwa anatoka, alimwinamia na kumwambia, "Liandike kama lilivyosemwa." Mratibu aliomba ieleweke kwamba hakubali.

Iliamuliwa kumbukumbu zibandikwe zote. Mratibu alipinga, na ombi lake la kutajwa kuwa amepinga lilikubaliwa.

Ilipofikiwa ajenda ya mengineyo, hakuna aliyekuwa na jambo.

KUMB. NA. 4/9: KUFUNGA

Mwalimu alisema wajumbe waliobaki ni wachache mno kuendelea na lolote, na waliobaki hawana nguvu ya kuendelea. Viti vilirudishwa, mikeka ya mazoezi ilikunjwa, na ufunguo ukapelekwa maabara. Kikao kilimalizika saa 8:10 mchana.

Katibu: (sahihi)

Mwenyekiti: (sahihi)

Maelezo ya Katibu kuhusu sahihi: Mwenyekiti alisomewa kumbukumbu hizi na kuzitia sahihi wodini, alikolazwa kwa kuwa hata maji yameanza kumkwama. Karatasi alishikiwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi wa majokofu, kwa mkono usio na dripu. Ilikuwa awamu yake ya kwanza kati ya nne zilizobaki. Mwenyekiti aliomba fundi aandikwe kuwa shahidi. Ameandikwa.